Kupiga Muziki na Usiyemwelewa

Vyuo vikuu vyenye wanafunzi wa kigeni vina tafrija zinazofanana popote duniani. Vyakula vya mataifa hupangwa mezani, bendera ndogondogo hutundikwa ukutani, na watu wakishakula hutolewa gitaa, ngoma, labda na udi kama kuna aliyesafiri nao. Wale ambao mchana hawakuwa na la kuambiana zaidi ya salamu wanaanza kupiga pamoja. Ndipo mwenyeji anaposhika kipaza sauti na kutangaza kwamba muziki ni lugha ya ulimwengu mzima. Kauli hiyo ni kongwe; Longfellow, mshairi wa Marekani, aliiandika miaka ya 1830, na imerudiwa hadi imechakaa. Nadhani si kweli. Tena nadhani tafrija ile ina thamani kwa sababu kauli hiyo si kweli: muziki ungekuwa lugha tunayoielewa sote, kupiga pamoja kusingetudai chochote, kungekuwa porojo za baada ya chakula. Swali linalomhusu mtu wa falsafa, na hata mtu wa dini, ni hili: watu wasioelewana wanapofaulu kupiga muziki mmoja, wanashirikiana nini hasa?

Tutazame ushahidi kwanza. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti walioufanya kwa Watsimane, jamii iliyo upande wa Bolivia wa bonde la Amazon, ambao wengi wao hawakuwa wamezoea muziki wa Magharibi. Walisikilizishwa sauti zilizounganishwa kwa namna ambayo sikio la Ulaya huziita tamu, na nyingine ambazo sikio hilohilo huona zinakwaruzana. Watsimane walizipenda zote sawa. Jambo lililohesabiwa tangu enzi za Pythagoras kuwa sheria ya maumbile likaonekana, kwa sehemu kubwa, kuwa malezi. Kisiwani Bali nako mafundi wa gamelan huunda ala zao jozi jozi na kuzipishanisha sauti kidogo kwa makusudi, ili zikigongwa pamoja mlio utetemeke. Mtu aliyelelewa na piano atasema ala hizo zimeharibika, na mtu wa Bali naye ataona piano imekufa. Hakuna kamusi itakayowapatanisha hawa wawili, kwa kuwa kila mmoja anasikia sawasawa na alivyofunzwa kusikia.

Yupo atakayeleta utafiti wa upande mwingine. Samuel Mehr na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba wasikilizaji kutoka nchi 60, wakichezewa vipande vifupi vya nyimbo za jamii wasizozijua, waliweza kukisia vizuri upi ni wimbo wa kuchezea ngoma na upi ni wa kumbembeleza mtoto. Nakubali. Mwili wa binadamu ni mmoja, na hakuna mahali mtoto hulazwa kwa kelele. Lakini wasikilizaji haohao walipofikia nyimbo za mapenzi walikwama, na msomaji wa pwani hatashangaa. Nguvu yote ya taarabu imo katika fumbo: nani anaambiwa, kwa kosa gani, na kwa nini leo. Mgeni aliyealikwa harusini Unguja au Tanga anaweza kupiga makofi bila kukosea, akavutiwa na sauti, akainuka na noti yake kwenda kumtuza mwimbaji, asijue kwamba kwa kuinuka kwenye ubeti ule ameingia katika ugomvi wa wanawake wawili waliokaa safu ya tatu. Kusema ameuelewa wimbo kwa sababu ameufurahia ni kumdanganya yeye, na ni kumdhulumu mtunzi. Kutambua aina ya wimbo ni jambo moja. Kujua unachosema ni jambo jingine, na umbali kati ya mambo hayo mawili hauzibwi na tabasamu.

Kama si kuelewana, basi ni nini? Jibu linaloheshimiwa zaidi nililolisoma ni la Alfred Schütz, Mviena aliyezaliwa 1899, akawakimbia Wanazi, akafika New York mwaka 1939, na kwa miaka mingi akafanya kazi za benki mchana na falsafa usiku. Mwaka 1951 alichapisha makala juu ya watu wanaopiga muziki pamoja. Hoja yake ni kwamba muziki hauna dhana zinazoweza kutolewa na kuwekwa kando. Hadithi unaweza kuieleza kwa ufupi, lakini wimbo huwezi kumpa mtu kiini chake ukamwepushia kuusikiliza. Sharti aupitie hatua kwa hatua, kwa muda uleule unaoutumia wimbo wenyewe. Kwa hiyo wanaopiga pamoja wanashirikiana muda: kila mmoja anaishi ndani ya mtiririko wa mwenzake, anamtazama uso na mikono, anakisia pumzi yake, na kwa kitambo hicho wanazeeka pamoja. Schütz aliona uhusiano huo umetangulia mazungumzo yote, kwamba hata lugha yenyewe isingewezekana kama watu wasingeweza kwanza kuelekeana namna hii. Ni hoja nzito, na mtu akiishia hapo atakuwa amepata mengi. Lakini Schütz alikuwa akifikiria wapigaji wa Mozart na Beethoven, ambao kabla hawajaketi walikuwa wameshalelewa katika muziki mmoja. Je, wasiolelewa pamoja?

Miaka minane baada ya makala ile, Mviena mwingine, kijana Gerhard Kubik, alifika Uganda na kujifunza kupiga amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kiganda aliyekuwa akifanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Kampala. Amadinda ni marimba ya mbao 12 nene zinazolazwa juu ya migomba miwili. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, marimba ikiwa katikati yao. Wa kwanza anaanza mfululizo wa sauti kwa mwendo usiobadilika, wa pili anatia zake katika mapengo ya wa kwanza, moja baada ya moja, kwa kasi ambayo mtazamaji hawezi tena kusema mkono wa nani umegonga nini. Wa tatu anakaa kwenye mbao mbili za juu na kuzidokoa sauti fulani zinazojitokeza katika wingi ule. Kubik aligundua mambo mawili. La kwanza, analolijua kila anayefundisha muziki wa Afrika, ni kwamba masikio ya msikilizaji hukusanya sauti za juu upande mmoja na za chini upande mwingine, yakasikia nyimbo ambazo hakuna hata mpigaji mmoja anayezipiga. Wimbo upo, na hauna mwenyewe.

La pili ndilo ninalolitegemea zaidi. Kila mmoja wa wapigaji wale wawili huhisi kwamba mapigo yake ndiyo mapigo, na ya mwenzake ndiyo yaliyo katikati. Kwa mpigaji huyu, yule anajaza; kwa yule, anayejaza ni huyu. Wala hawa si wanafunzi waliokosea, ni mabingwa, na mmoja akijaribu kuyahamia mapigo ya mwenzake na kuyahisi kama yake, mara nyingi atapotea. Hapa Schütz anahitaji kusahihishwa. Muda wa saa wanao mmoja, ndiyo. Muda wa ndani, ule alioutaja yeye kuwa moyo wa uhusiano wote, hawanao mmoja. Wanao wawili, na muziki unasimama kwa sababu wanao wawili. Wanachoshirikiana ni uaminifu wa nafasi: mimi naacha wazi mahali ambapo wewe unaona ni kitovu cha dunia, nawe unaniachia pangu vivyo hivyo. Hakuna aliyemwingia mwenzake moyoni. Hakuna aliyehitaji.

Jambo hili halihitaji mabingwa wa Buganda ili lionekane. Chukua ngoma ya chakacha, ambayo mdundo wake unaweza kugawanywa kwa mbili au kwa tatu. Mwanafunzi wa Mombasa akiianzisha katika ukumbi wa chuo, mwenzake wa Ujerumani au Korea atatafuta pigo la kwanza mahali alipozoea kulitafuta, atalipata, na atapiga makofi kwa raha zake wakati kiuno cha mchezaji kinahesabu jingine. Ukiwasimamisha ghafla na kuwauliza moja iko wapi, watakupa majibu mawili, na kabla hujawauliza walikuwa wakienda vizuri kabisa. Mtu mwenye imani ya lugha moja ya ulimwengu atasikitika kusikia hivyo, ataona ushirika wao ulikuwa wa uongo. Mimi naona ulikuwa wa kweli kuliko alivyodhani, kwa kuwa haukujengwa juu ya dhana kwamba wenzetu ni sisi tuliovaa nguo nyingine.

Fikra nyingi za amani zinazotawala vyuo vyetu zinasema tufahamiane kwanza, kisha tutaheshimiana. Mpango huo una kasoro. Kumfahamu mtu wa mbali huchukua miaka, na wengine hufa kabla. Tena ufahamu wenyewe hauleti heshima siku zote: Edward Said alitumia kitabu kizima mwaka 1978 kuonyesha jinsi ujuzi wa Ulaya juu ya Mashariki ulivyotumikia utawala. Dini zetu hazikungoja hivyo. Haki ya jirani katika Uislamu haikuwekewa sharti kwamba jirani kwanza aeleweke. Msamaria wa Injili hakumhoji majeruhi wa njiani juu ya imani yake. Wajibu ulitangulia, ufahamu ukaachwa uje kwa wakati wake au usije kabisa. Kupiga muziki na mgeni ni mojawapo ya mahali pachache ambapo utaratibu huo unaonekana kwa macho: unamngoja, unampisha, unashusha sauti yako ya kwake inapokuwa ndogo, na kuhusu yaliyomo moyoni mwake hujui chochote.

Pingamizi kubwa kabisa linatoka jirani. Michael Tomasello na Sebastian Kirschner walichapisha mwaka 2010 jaribio lililofanywa Ujerumani: watoto wa miaka minne waliocheza na kuimba pamoja walisaidiana baadaye kuliko waliocheza mchezo kama ule bila muziki. Habari njema, mpaka ukumbuke kwamba jeshi nalo linajua siri hiyo. Mwanahistoria William McNeill aliandika kitabu kizima mwaka 1995 juu ya gwaride na ngoma, akieleza jinsi kusogeza misuli kwa pamoja kunavyofuta mipaka ya mtu mmoja mmoja, kwa wema na kwa ubaya. Na Arusha, mwezi Desemba 2008, mahakama ya kimataifa ya Rwanda ilimhukumu Simon Bikindi, mwimbaji maarufu, kifungo cha miaka 15 kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, wala si nyimbo zenyewe, lakini mahakama iliona pia kwamba nyimbo hizo zilitumika kueneza chuki. Basi ni nani atakayetuambia kwamba kupiga pamoja kunawafanya watu wawe wema?

Si mimi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake, Ihya, kuzungumzia sama', yaani usikilizaji wa nyimbo, na miongoni mwa anayoyapitisha ni rai kwamba usikilizaji hauutii moyo kisichokuwamo, huutikisa tu kwa kilichomo. Jibu hilo ni la hekima, lakini peke yake halitoshi, kwa kuwa linamwachia mwanamuziki mlango wa kukimbilia: si mimi, ni mioyo yao. Nadhani tunaweza kuongeza kitu kutokana na amadinda. Gwaride linadai wote wafanye kitu kimoja kwa wakati mmoja. Asiyefanya anaonekana mara moja, na huadhibiwa. Kupishana kunadai kinyume chake. Ukifanya ninachokifanya mimi, wakati ninapokifanya, wimbo umekufa. Katika muziki wa kupishana tofauti ya mwenzako ni sehemu ya kazi, huwezi kuiondoa ukabaki na kitu. Sisemi kwamba aliyepiga amadinda hawezi kuua. Nasema kwamba mazoezi yale hayamfundishi kuua, na gwaride linaweza. Tafrija ya wanafunzi inayomalizikia kwa ukumbi mzima kuimba kiitikio kimoja kwa nguvu ina furaha yake, lakini mimi naiamini kidogo kuliko ile ambayo watu wanne wanatafutana kwa nusu saa kuona nani aingie wapi.

Pingamizi jingine ni la haki, na lina uzito kuliko linavyopewa. Ukisema kuelewana si sharti, je, hujampa mwenye sauti kubwa ruhusa ya kutawala? Kinanda cha umeme kikishawashwa, kila mtu anakifuata. Lakini makamu ya Kiarabu, yaani ngazi za sauti kama rast na bayati, yana sauti zinazoangukia kati ya funguo mbili za kinanda, na kodiani, iliyopendwa sana katika taarabu ya Zanzibar, nayo haiwezi kuzitoa. Ala ya kanuni inaweza, kwa vikono vidogo vilivyo pembeni mwa nyuzi zake. Udi na fidla zinaweza, kwa kidole. Amadinda haiwezi kubadilika hata kidogo, maana sauti yake imechongwa katika mti. Zikikutana ala hizi katika chumba kimoja, mtu lazima asogee, na desturi ya dunia ni kwamba anasogea mgeni. Hata West-Eastern Divan, okestra waliyoianzisha Said na Daniel Barenboim mjini Weimar mwaka 1999 kwa vijana wa Kiisraeli na wa nchi za Kiarabu, iliwakutanisha zaidi juu ya Beethoven na wenzake. Wengi wao walikuwa wamesomea muziki huo, kwa hiyo hawakuonewa; lakini uwanja unaoitwa wa katikati nao una mwenyewe. Barenboim mwenyewe amekataa mara nyingi kwamba okestra italeta amani, na wanaoipima kwa kipimo hicho wanaipima kwa kipimo ambacho hakuna okestra ingekifikia.

Jibu langu kwa pingamizi hili ni kanuni moja ya kiadili: wajibu wa kusogea uko kwa anayeweza kusogea. Gitaa linaweza kulegezwa, sauti ya binadamu inaweza karibu kila kitu, na vinanda vya umeme vinavyotengenezwa kwa soko la Kiarabu vina vitufe vya robo toni. Anayetoa udhuru kwamba ala yake haiwezi, mara nyingi yeye ndiye hajataka. Historia ya pwani inaonyesha kwamba kusogea si kujipoteza. Inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Muhammad Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Naye alikuwa mwanafunzi wa kimataifa, ingawa hakuna aliyemtundikia bendera. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, kikaimba Kiarabu. Baada ya muda Siti binti Saad akaimba Kiswahili, na santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928 zikauzwa pwani nzima. Muziki ulioazimwa kwa unyenyekevu ukawa wetu kiasi kwamba leo wageni wanakuja Mji Mkongwe, katika chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 2002, kujifunza kwetu.

Amebaki mmoja wa kuzungumziwa, yule asiyepiga. Katika tafrija hizi daima yupo mwanafunzi anayeamini kwamba ala za muziki ni haramu, au kwamba nyimbo za dunia hazimfai aliyeokoka, na anakaa pembeni na soda yake huku wenzake wakimwita kwa mikono. Wanamwita kwa nia njema, na wanakosea. Ghazali, aliyeruhusu mengi kuliko wanazuoni wengine, alinakili kutoka kwa masufi kwamba sama' inahitaji mambo matatu: wakati, mahali na wenzi. Yakikosekana, ni bora kuacha. Kukataa kwa mtu huyu ni pengo, na tumeshaona kwamba pengo ni sehemu ya muziki. Anayejua kumpisha mpigaji mwenzake akashindwa kumpisha asiyepiga, hajajifunza kitu jioni ile.

Basi anayeandaa tafrija ijayo ya wanafunzi asiulize ni wimbo gani wote wanaujua, kwa maana jibu karibu kila mara ni wimbo wa Kimarekani. Achague mgeni mmoja, wa nchi isiyotajwa sana, amwombe afundishe wimbo mmoja kwa sikio, bila karatasi, kama kambi za vijana za Ethno zilivyofanya Sweden tangu 1990. Wenye gitaa wakaze au walegeze nyuzi kumfuata yeye. Hotuba ya lugha ya ulimwengu iachwe.